Tarehe ya Kifo, Siku ya Kuzaliwa: Asili ya Sikukuu za Watakatifu na Kumbukumbu ya Marehemu



Kila mwaka mwezi wa Novemba unapoingia, Kanisa hutuwekea siku mbili zinazofuatana. Tarehe 1 ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 ni Kumbukumbu ya Waamini Marehemu Wote. Siku hizo makaburi hufagiliwa, majani hung'olewa, mishumaa huwashwa, na majina ya marehemu husomwa mbele ya altare. Na kila mwaka maswali yale yale hurudi katika mafundisho. La kwanza hutoka kwa jirani anayesali katika kanisa lingine: je, desturi hizo si mabaki ya upagani? La pili hutoka ndani ya nyumba zetu wenyewe, nalo ni zito zaidi. Wale ndugu zetu waliouawa katika vita vya Ituri, ambao wengine wao hawana hata kaburi linalojulikana, tuwakumbuke namna gani? Tuwaite watakatifu? Tuwaombee? Au tunyamaze, ili kidonda kisitoneshwe?

Maswali kama hayo hayajibiwi kwa hasira, wala kwa majibu ya kukariri. Yafaa kwanza kujua mambo yalianza wapi, nani aliyaanzisha, na kwa sababu gani. Ndiyo kazi ya makala hii.

Kaburi, jina na tarehe

Sikukuu za watakatifu hazikuanzia Roma katika ofisi ya mtu mkubwa. Zilianza kaburini, kati ya Wakristu wa kawaida waliokuwa wamefiwa.

Ushuhuda wa zamani sana tulio nao unatoka Smirna, mji ambao leo uko katika nchi ya Uturuki. Yapata mwaka 155 au 156, askofu mzee Polikarpo alihukumiwa kufa kwa sababu hakukubali kumkana Kristu. Mwili wake ukachomwa. Wakristu wa Smirna wakaandika barua kwa makanisa mengine kueleza yaliyotokea. Katika barua hiyo wanasema kwamba waliiokota mifupa yake, wakaiona kuwa ya thamani kupita vito na dhahabu, wakaiweka mahali panapostahili. Wanaongeza kwamba watakusanyika hapo kwa furaha, Bwana akiwajalia, kuiadhimisha siku ya kifo chake, nao wanaiita siku yake ya kuzaliwa. Sababu wanazozitaja ni mbili: kuwakumbuka waliokwisha kushindana, na kuwaandaa wale watakaoshindana baadaye.

Tazameni neno hilo, kuzaliwa. Wapagani wa nyakati zile walikuwa na desturi ya kuwakumbuka wafu wao siku ya kuzaliwa kwao duniani. Wakristu waliliacha neno, wakageuza maana yake. Kwao, siku ambayo shahidi wa imani anakufa ndiyo siku anayozaliwa mbinguni. Kwa hiyo hata leo, mkifungua kalenda ya liturjia, mtaona kwamba sikukuu za watakatifu walio wengi zimewekwa siku ya kifo chao au karibu na siku hiyo. Polikarpo humkumbukwa tarehe 23 Februari.

Barua hiyo hiyo inajibu pia shutuma tunayoisikia mara nyingi, kwamba Wakatolika huabudu watakatifu. Wakristu wa Smirna walieleza kwamba Kristu wanamwabudu kwa sababu ni Mwana wa Mungu, bali mashahidi wanawapenda kwa sababu ni wanafunzi na wafuasi wa Bwana. Tofauti hiyo kati ya kuabudu na kupenda iliandikwa zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, na bado ndiyo mafundisho ya Kanisa.

Afrika ilikuwapo tangu mwanzo

Kuna wanaodhani kwamba habari za watakatifu ni mambo ya Ulaya yaliyoletwa na wamisionari. Historia inasema vingine. Maandishi ya Kikristu ya lugha ya Kilatini yenye tarehe, yaliyo ya kale kuliko yote tunayoyajua, ni taarifa ya hukumu iliyotolewa Karthago, Afrika ya Kaskazini, tarehe 17 Julai mwaka 180. Waliohukumiwa siku hiyo walikuwa watu 12 wa Scillium, wanaume kwa wanawake, na majina yao yameandikwa.

Miaka 23 baadaye, tarehe 7 Machi 203, katika mji huo huo wa Karthago waliuawa Perpetua na Felisita pamoja na wenzao. Perpetua alikuwa mama kijana mwenye mtoto anayenyonya. Felisita alikuwa mtumwa aliyejifungua akiwa gerezani. Perpetua aliandika kwa mkono wake mwenyewe yaliyompata katika kifungo. Humo anasimulia kwamba alimkumbuka mdogo wake Dinokrates, aliyekufa kwa ugonjwa wa uso akiwa na miaka saba. Alimwona katika maono akiwa na kiu, asiweze kuyafikia maji. Perpetua akamwombea usiku na mchana kwa machozi. Kisha akamwona tena, amepona, anakunywa maji na kucheza kama watoto wachezavyo. Hivyo kuwaombea marehemu si jambo lililobuniwa katika karne za kati. Tunalikuta katika maandishi ya mwanamke kijana wa Afrika, mwanzoni mwa karne ya tatu.

Mwafrika mwingine, Sipriani, askofu wa Karthago, alituachia agizo ambalo ningependa kila kikundi cha vijana kilijue. Mwaka 250, wakati wa dhuluma ya kaisari Decius, Wakristu wengi walitiwa gerezani, na wengine walikufa humo. Sipriani aliwaandikia mapadri wake akiwataka waziandike siku ambazo hao walikufa, ili kumbukumbu zao ziadhimishwe pamoja na zile za mashahidi. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258.

Tunaona basi asili ya kalenda ya watakatifu. Ilikuwa orodha ya majina, tarehe na mahali pa kuzikwa. Kila kanisa la mahali lilikuwa na orodha yake, kisha makanisa yakabadilishana orodha hizo. Orodha ya Roma iliyomo katika kitabu cha mwaka 354 inataja siku na makaburi ya mashahidi wa Roma, lakini inawataja pia Perpetua, Felisita na Sipriani wa Afrika. Roma ilikuwa imekwisha kuwapokea wafu wa Karthago kama wafu wake.

Kapu la Monika

Sasa tulikabili swali la upagani kwa ukweli. Ni kweli kwamba Warumi walikuwa na siku zao za kuwakumbuka wafu, hasa kati ya tarehe 13 na 21 Februari. Jamaa walikwenda makaburini na chakula na divai, wakala pale pamoja. Wakristu hawakuacha desturi hiyo mara moja. Wengi waliendelea kula makaburini, na baada ya amani kupatikana mwaka 313 walifanya hivyo pia penye makaburi ya mashahidi.

Mtakatifu Augustino anasimulia habari ya mama yake Monika. Alipofika Milano kutoka Afrika, Monika alichukua kapu lenye uji, mkate na divai, akaelekea kwenye makaburi ya mashahidi kama alivyozoea kwao. Mlinzi wa mlango akamzuia, kwa kuwa askofu Ambrosi alikuwa amekataza. Sababu zilikuwa wazi: wengine waligeuza jambo hilo kuwa ulevi, tena lilifanana mno na ushirikina wa wapagani. Monika hakununa. Aliacha kapu, akajifunza kupeleka mahali pake moyo uliojaa sala, na vile alivyokuwa navyo akawagawia maskini. Mwaka 387, alipokuwa anakufa huko Ostia, hakujali tena azikwe wapi. Aliomba jambo moja tu: wanawe wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Katika habari hiyo fupi mna historia yote ya namna Kanisa linavyoshughulika na mila. Upendo kwa wafu haukukatazwa. Kilichokatazwa ni ulevi na ushirikina. Na chakula hakikutupwa, kilipewa maskini.

Sisi Wakongomani tunaielewa njia hiyo vizuri. Tarehe 1 Agosti, Sikukuu ya Wazazi katika nchi yetu, watu huenda asubuhi kusafisha makaburi ya wazazi waliofariki, kisha hurudi nyumbani kukaa na wazazi walio hai. Vilevile Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, imeweka mwanzoni mwa Misa maombi yanayowaita watakatifu, na pamoja nao wazee wetu wa kale waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Maaskofu wetu hawakuwaweka wahenga mahali pa Mungu. Waliwaweka mahali pao, yaani ndani ya familia inayomsifu.

Mpaka wenyewe uko wazi. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, kinakataza kutafuta habari kwa wafu na kuwapigia ramli. Kanisa linakataza vivyo hivyo. Kumwombea marehemu ni kuzungumza na Mungu juu yake. Kumwendea mganga ili marehemu aseme nani kamroga ni jambo jingine kabisa, na halina mahali katika maisha ya Mkristu.

Mashahidi walipozidi siku za mwaka

Dhuluma kubwa ya kaisari Diocletianus ilianza mwaka 303. Waliouawa walikuwa wengi, na wengi wao majina yao hayakujulikana. Hapo likazuka jambo jipya: ikiwa kila shahidi anastahili siku yake, wale wasiojulikana wapate wapi siku?

Makanisa ya Mashariki yaliwawekea mashahidi wote siku moja. Huko Antiokia, Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, alihubiri katika sikukuu hiyo muda mfupi baada ya Pentekoste. Mpaka leo ndugu zetu Waorthodoksi huadhimisha Watakatifu Wote Dominika ya kwanza baada ya Pentekoste. Huko Roma, tarehe 13 Mei mwaka 609 au 610, Papa Bonifasi IV alilitabaruku hekalu la Pantheon, lililokuwa la miungu ya Warumi, kwa heshima ya Bikira Maria na Mashahidi wote. Jengo hilo lingali linasimama, na bado ni kanisa.

Tarehe 1 Novemba ilikuja baadaye. Papa Gregori III, aliyeongoza Kanisa kati ya mwaka 731 na 741, alijenga ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote. Karibu na mwaka 800 sikukuu ya Novemba 1 ilikuwa inaadhimishwa Uingereza na katika sehemu za Ujerumani ya kusini. Mwaka 835, wakati wa Papa Gregori IV, kaisari Ludoviko Mchaji aliieneza katika ufalme wote wa Wafranki. Kufikia hapo haikuwa tena ya mashahidi peke yao. Ilikuwa imewaingiza pia waungama imani, mabikira, watawa, na watu wote wema ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Wengi husema kwamba Kanisa lilichagua tarehe hiyo ili kufunika sikukuu ya kipagani ya Waayalandi iitwayo Samhain. Maelezo hayo hurudiwa sana, lakini yanapingwa na jambo moja rahisi: kalenda ya kale ya Ayalandi, iliyotungwa karibu na mwaka 800, iliweka sikukuu ya watakatifu wote tarehe 20 Aprili. Ikiwa Waayalandi wenyewe waliiadhimisha Aprili, wakati Waingereza na Wajerumani wanaiadhimisha Novemba, ni vigumu kusema kwamba Samhain ndiyo iliyoizaa. Kijana anayesoma aepuke kurudia neno kwa sababu tu limesemwa na wengi.

Siku ya wale wasio na madhabahu

Watakatifu ni wale ambao Kanisa lina hakika kwamba wako pamoja na Mungu. Sisi huomba sala zao. Je, mama aliyelala katika imani lakini mwenye udhaifu wake? Na baba, na mtoto, na rafiki?

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo alikuta chini ya nguo za askari wake waliouawa vitu vya miungu ya uongo. Hakuwatupa. Alikusanya fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Mwanzoni mwa karne ya tatu, Tertuliani wa Karthago anaandika kwamba Wakristu hutoa sadaka kwa ajili ya marehemu kila mwaka siku ya kifo chao. Mtakatifu Isidori wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, aliwaagiza watawa wake kutoa Misa kwa ajili ya marehemu wote siku inayofuata Pentekoste.

Aliyeiweka tarehe 2 Novemba ni Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa tangu mwaka 994 hadi 1049. Yapata mwaka 998 aliamuru kwamba, baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, kengele zipigwe, marehemu wote waombewe, Misa zitolewe, na maskini wapewe sadaka. Amri hiyo ilihusu nyumba za watawa zilizokuwa chini ya Cluny. Kwa kuwa nyumba hizo zilikuwa nyingi, desturi ikasambaa kutoka nchi hadi nchi, mpaka ikawa ya Kanisa zima la Magharibi.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja kwa sababu ya vita. Tarehe 10 Agosti 1915, Ulaya ikiwa inazika vijana wake kwa maelfu, Papa Benedikto XV aliwaruhusu mapadri wote kutoa Misa tatu tarehe 2 Novemba. Moja ni kwa nia ya padri, moja kwa ajili ya marehemu wote, na moja kwa nia za Baba Mtakatifu. Ruhusa hiyo tunaitumia hata leo. Paroko wetu anapotoa Misa tatu siku hiyo, anafuata njia iliyofunguliwa wakati wa vita, kwa ajili ya wafu waliokuwa wengi mno kuombewa mmoja mmoja.

Mashahidi wa nchi zetu

Njia hii ya Smirna na Karthago, yaani kaburi, jina, tarehe na mashahidi walioona, ndiyo iliyofuatwa hata kwetu.

Upande wa pili wa Ziwa Albert, Uganda, Wakatoliki 22 waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na Karoli Lwanga. Habari zao zilihifadhiwa kwa sababu waliookoka walisimulia. Mmoja wao alikuwa Denis Kamyuka, kijana wa ikulu aliyefungwa pamoja nao Namugongo kisha akaachwa hai. Walitangazwa Wenye Heri tarehe 6 Juni 1920 na Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Miezi miwili haikutimia tangu siku hiyo, Mungu alipomwita Anuarite Nengapeta Maria Klementina, binti wa Wamba, jimbo jirani yetu, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, aliuawa na mkubwa mmoja wa waasi wa Simba kwa sababu alikataa kuuvunja usafi wake. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa katika kaburi la wengi. Baadaye mwili wake ulitolewa, na tarehe 1 Desemba 1978 ukahamishiwa katika kanisa kuu la Isiro. Masista wenzake waliokuwa pamoja naye usiku ule ndio walioshuhudia kwamba alimsamehe aliyemwua. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa. Katika mahubiri yake, Papa alitamka kwamba yeye pia, kwa jina la Kanisa zima, anamsamehe mwuaji. Sikukuu ya Anuarite ni tarehe 1 Desemba, siku yake ya kuzaliwa mbinguni.

Katika vita hivyo hivyo, tarehe 3 Novemba 1964, padri Bernardo Longo, mwanzilishi wa misioni ya Nduye, aliuawa Mambasa, hapa hapa Ituri. Yeye Kanisa bado halijamtangaza. Na karibu zaidi na umri wenu yuko Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyekuwa akikagua bidhaa mpakani, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, kwa kuwa alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kipite. Alitangazwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025.

Nyakasanza na Komanda

Mwezi wa Mei 2003, vita vilipoingia mjini Bunia, mapadri wawili na watu waliokimbilia parokia ya Nyakasanza waliuawa hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waamini wa parokia ya Mwenye Heri Anuarite, Komanda, walikuwa katika kesha la sala. Wapiganaji wa ADF wakawavamia. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 40 waliouawa, miongoni mwao watoto. Na kati ya tarehe hizo mbili wako wengine wengi, katika vijiji na kambi za wakimbizi, ambao vyombo vya habari havikuwataja.

Vijana huuliza: je, wa Komanda ni mashahidi? Swali ni jema, na jibu la Kanisa lina hatua. Ili mtu atangazwe shahidi, yapasa ithibitike kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani au dhidi ya tendo linalotoka katika imani, na kwamba alikipokea kifo kama mwanafunzi wa Kristu. Uchunguzi hufanywa na askofu wa mahali, na kwa kawaida hauanzi kabla ya miaka mitano kupita tangu kifo. Kabla ya hukumu ya Kanisa, hairuhusiwi kumwekea marehemu ibada ya hadharani kana kwamba ni mtakatifu aliyekwisha kutangazwa. Basi sisi hatuwajengei altare. Lakini tunaruhusiwa, tena tunapaswa, kuwaombea katika kila Misa, na kuhifadhi ushuhuda juu yao. Padri wa Karthago aliyeandika tarehe mwaka 250 hakujua ni nani atakayeingia katika kalenda. Aliandika tu, kwa uaminifu.

Hapa ndipo penye hatari, nami naomba tuseme wazi. Orodha ya wafu inaweza kuwa sala, na inaweza kuwa silaha. Katika Ituri tumeona kila upande ukihesabu wafu wake peke yake, ukiwakumbuka ili deni la damu lisisahaulike, na watoto wakirithi hesabu hiyo kabla hawajajua kusoma. Kumbukumbu ya namna hiyo si ya Kikristu, hata kama inaanza kwa ishara ya msalaba. Somo la kwanza la Sikukuu ya Watakatifu Wote, kutoka Ufunuo sura ya 7, linatuonyesha umati mkubwa usiohesabika, wa kila taifa na kabila na lugha, mbele ya kiti kimoja cha enzi. Hakuna safu ya Wahema na safu ya Walendu, wala upande wa Wabira na upande wa Waalur. Na tarehe 2 Novemba Kanisa linasema: marehemu wote. Yeyote anayeondoa jina la mfu wa kabila jingine katika sala yake, ameondoka katika sikukuu hiyo, hata kama yuko ndani ya kanisa.

Msamaha hauondoi haki. Anayejua habari za mauaji aipeleke mbele ya wanaohusika, na mahakama ifanye kazi yake. Lakini haki hutafuta ukweli na kukomesha uovu. Kisasi hutafuta kaburi lingine. Anuarite alisamehe, na bado Kanisa halikuficha jinsi alivyouawa. Mambo yote mawili yanakaa pamoja katika sikukuu moja.

Kazi ya kufanya

Kikundi cha vijana kinaweza kufuata agizo la Sipriani katika parokia yake. Kwa ruhusa ya paroko, chukueni daftari moja. Nendeni kwa wazee wa kila jumuiya ndogo. Andikeni jina la marehemu, tarehe ya kifo, mahali alipozikwa, au mahali alipoonekana mara ya mwisho kama hakuzikwa. Msiandike kabila. Msiandike uvumi juu ya waliomwua. Wakimbizi waliokuja kutoka vijiji vingine waandikwe pamoja na wenyeji, kwa sababu makaburi yao yako mbali, na pengine hakuna atakayeyafagia mwaka huu. Daftari likabidhiwe paroko, liwekwe karibu na altare mwezi wote wa Novemba. Na kama Monika, tupeleke kapu letu kwa walio na njaa: kambi za wakimbizi haziko mbali.

Imani yetu inasema kwamba Mungu hawasahau hao hata kama daftari halipo. Sisi tunaandika ili na sisi tusiwasahau.

Maswali kwa ajili ya mazungumzo ya kikundi

1. Wakristu wa Smirna walitofautishaje kati ya kumwabudu Kristu na kuwapenda mashahidi? Mngemwelezaje jirani asiye Mkatolika?

2. Ni desturi gani za matanga katika familia zetu zinazofanana na kapu la Monika, yaani zina upendo ndani yake lakini zinahitaji kusafishwa?

3. Tunapowaombea marehemu wetu, je, tuko tayari kusoma pia jina la marehemu wa wale tunaowaogopa? Tuanzie kwa jina la nani?